Mota za tredimili za mtumba: ipi ifungwe karakanani, ipi ibaki kwenye mzani wa skrepa

Mota ya tredimili iliyong'olewa kwenye mashine iliyokufa ni kati ya vitu vichache vya skrepa vinavyoweza kushindana na mota mpya ya dukani. Mwendo wake unapanda na kushuka kwa kuzungusha kitufe tu, bila gia. Inavuta kwa nguvu tangu mzunguko wa kwanza, tena ni nyepesi kuliko mota ya kawaida ya AC (umeme wa ukutani unaogeuka-geuka) yenye nguvu sawa nayo. Shida ni kwamba anayeiuza kwa kawaida hajui anachouza, na anayeinunua huwa ameshadanganywa na namba zilizoandikwa ubavuni. Kwa drili ya kusimama, keezo ya mbao na mashine ya msasa wa mkanda tunaipa alama za juu. Kwa pampu ya maji, kompresa na kinu cha kusaga, hapana, na sababu zake zipo chini.

Tredimili za nyumbani mara nyingi haziui mota. Mkanda wa kukimbilia ukikosa silikoni husugua ubao wake, mota ikadai ampea nyingi, na bodi ya umeme ndiyo inayotangulia kuungua. Nyingine hufa kwa skrini, au kwa umeme uliokatika ukarudi kwa kishindo. Mota hubaki nzima ndani ya boma la chuma, na ndiyo maana inafaa kutafutwa.

Kibao kinasema hp 2.5

Usikiamini kibao hicho cha ubavuni (hp ni nguvu ya farasi). Chini ya namba hiyo huwa pameandikwa kuwa ni kipimo cha kazi ya tredimili, yaani nguvu ambayo mota inaweza kuitoa kwa muda mfupi mtu anapokanyaga mkanda, si nguvu ya kufanya kazi saa nzima. Kwa kazi ya karakana gawanya kwa mbili ndipo upange hesabu zako. Mota ya hp 2 ichukulie kama ya hp 1, na haitakuangusha.

Namba zenye maana kwenye kibao ni mbili: volti za DC (umeme wa mwelekeo mmoja) na mizunguko kwa dakika. Chukua mota ya volti 180, mizunguko 4000, hp 2. Ukigawanya mizunguko kwa volti unapata karibu 22, maana yake kila volti moja inakupa mizunguko 22 hivi. Ipe volti 90, itazunguka takriban 2000. Hii ni mota ya sumaku ya kudumu, na tabia yake ni nyoofu: mwendo unafuata volti, nguvu ya kusokota inafuata ampea.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kwa namba za kibaoni, mota hiyo ya hp 2 inasokota kwa nyutoni mita 3.5 hivi, na kiasi hicho ni kilekile iwe inazunguka 4000 au 400. Ila kwa mizunguko 400 hizo nyutoni mita 3.5 ni wati 150 tu. Kwa hiyo anayefunga ekseli ya drili moja kwa moja kwenye mota, akapunguza kitufe ili atoboe kwa mwendo wa taratibu, anajikuta na mashine inayokwama kwenye tundu la milimita 13. Anailaumu mota, kumbe kosa ni la puli. Ukiweka puli za moja kwa nne, mota inazunguka 1600 wakati ekseli inazunguka 400, na msokoto kwenye ekseli unakaribia nyutoni mita 14. Kitufe cha mwendo hakichukui nafasi ya puli. Kila mradi uanze na puli, kitufe kiwe cha kurekebisha tu.

Mashine imetoka nchi gani?

Swali hili linaamua zaidi kuliko jina la kampuni. Tredimili zilizokuja kutoka Uingereza, Ulaya au Dubai zimetengenezewa umeme wa volti 220 hadi 240, hivyo bodi zake zinakubali umeme wa Tanzania wa 230 na wa Kenya wa 240, na mota zake mara nyingi ni za volti 180 hadi 220 za DC. Zilizotoka Marekani ni za volti 120, na mota zake huwa za volti 90 hadi 130. Za Japani ni za volti 100. Ukichomeka bodi ya Marekani kwenye ukuta wa Dar es Salaam au Mombasa, kinga ya umeme na kapasita hupasuka papo hapo, hata kabla hujagusa kitufe.

Mota ya Marekani si ya kutupa, lakini ihesabie na transfoma ya kushusha umeme, 230 kwenda 115, isiyopungua VA 2000. Transfoma hiyo ni nzito na si bei rahisi. Mara nyingi inaweza kuzidi bei ya mota yenyewe, na hapo biashara imekufa. Tofauti ya hezi 50 na 60 si tatizo kwa bodi nyingi za aina hii, kwa kuwa umeme unageuzwa DC. Volti ndizo zinazoua.

Kupima kabla ya kutoa pesa

Njoo na multimita, nyaya mbili zenye klipu, bisibisi, na ikiwezekana betri ya volti 12. Mota ina nyaya mbili nene, kwa kawaida nyekundu na nyeusi. Ukikuta nyingine mbili nyembamba, mara nyingi za bluu, hizo ni za swichi ya joto iliyofichwa ndani. Usizikate, zina kazi yake.

Kwanza zungusha ekseli kwa mkono nyaya zikiwa wazi. Inapaswa kuzunguka kwa wepesi, ikiwa na vituo vidogo vya sumaku. Kisha gusanisha nyaya mbili nene na uzungushe tena. Mota nzima itakataa, utahisi uzito kana kwamba umetia ekseli kwenye grisi iliyoganda. Hiyo ni ishara kwamba koili, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) na sumaku vyote viko kazini. Isipoonyesha tofauti yoyote, ama kaboni hazigusi, ama amecha (sehemu ya ndani inayozunguka yenye koili) imekatika, ama umeshika waya zisizo zenyewe.

Pima omu kati ya nyaya mbili huku ukizungusha ekseli polepole: namba ichezecheze kati ya omu 1 na 4 hivi, isiruke kwenda wazi. Pima pia kati ya kila waya na ganda la mota. Hapo pasiwe na mawasiliano kabisa. Yakiwepo, mara nyingine ni vumbi la kaboni lililojaa ndani na linaondoka kwa upepo wa kompresa, mara nyingine ni koili iliyoungua. Harufu itakuambia: kaboni haina harufu, vanishi iliyoungua inanuka hata baada ya mwaka.

Kwa betri ya volti 12, mota ya mfano wetu itazunguka karibu mizunguko 270 na kula ampea chache tu bila mzigo. Sikiliza beringi. Nyingi ni namba 6203 au za jirani yake, zinapatikana kila duka la spea za pikipiki, kwa hiyo beringi inayolia isikutishe. Itumie kupunguza bei.

Kisha fungua vifuniko vya kaboni. Kipande kilichobaki chini ya milimita 10 kinakaribia mwisho. Chungulia komyuteta (mviringo wa shaba unaosuguliwa na kaboni) kwa tochi: rangi ya kahawia iliyosawazika ni afya. Weusi kwenye vipande viwili vitatu tu, vinavyojirudia, maana yake kuna koili imekatika ndani ya amecha. Acha mota hiyo hapo hapo. Kufunga amecha upya kunagharimu kuliko kununua mota nyingine.

Bodi ni nusu ya mali

Mota bila bodi ni nusu ya bidhaa. Nunua mota, bodi, na ile koili nzito ya chuma iliyofungwa karibu nayo, yenye nyaya mbili. Wauzaji huitupa kwa sababu haionekani kufanya kazi. Kazi yake ni kulainisha ampea zinazokuja kwa mapigo. Mota ikikosa koili hiyo inanguruma kwenye mwendo mdogo, inapata joto zaidi kwa kazi ileile, na kaboni zinakwisha haraka.

Bodi zenyewe ziko za aina tatu, na tofauti yake ni kubwa.

Bora kwa fundi ni zile za zamani zinazotumia kitufe cha kuteleza au cha kuzungusha. Mfano maarufu ni MC-60 ya kampuni ya ICON ya Utah, iliyotengeneza ProForm na NordicTrack. Inahitaji potenshomita tu (kizuizi cha umeme kinachorekebishwa kwa kitufe) ya kilo omu 5 au 10, nyaya tatu, basi. Ina tabia moja ya kuijua: haiwaki mpaka kitufe kirudishwe sifuri kwanza. Wengi huitupa wakidhani imekufa, kumbe inajilinda. Tabia hiyo ni zawadi karakanani, kwani umeme ukikatika na kurudi, mashine haiamki yenyewe na patasi yako imelala juu ya mbao.

Aina ya pili, kama MC-2100 ya kampuni hiyohiyo, haielewi potenshomita. Inasubiri mapigo kutoka kwenye skrini: mapigo 20 kwa sekunde, na upana wa kila pigo ndio unaosema mwendo, kuanzia sifuri hadi asilimia 85 hivi. Arduino ndogo (bodi ya kompyuta ya kupangia programu) inaweza kuyatoa, mradi mapigo yapite kwenye optokapla kama PC817, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya kugusana. Hapa pana hatari inayopuuzwa: bodi hizi hazijatenganishwa na umeme wa ukutani. Kile kinachoitwa hasi au "graundi" kwenye bodi kiko hai, kinaweza kuwa zaidi ya volti 100 juu ya ardhi. Ukiunganisha Arduino bila optokapla, halafu ukaichomeka kwenye laptopu, laptopu imekwenda, na mkono wako ukiwa juu yake nao umo kwenye njia ya umeme. Hata potenshomita ya bodi ya kwanza ifungwe ndani ya boksi la plastiki, na kitufe chake kiwe cha plastiki.

Aina ya tatu ni bodi za tredimili mpya za bei nafuu zinazozungumza na skrini kwa lugha yao wenyewe. Hizi bila skrini na nyaya zake zote ni bure. Ukizipata zikiwa kamili, tumia skrini hiyohiyo, uikate tu na kuifunga mbele ya mashine yako. Chukua na kihisi cha mwendo pamoja na sumaku yake ndogo iliyogandishwa kwenye puli. Bodi isipoona mapigo ya kihisi hicho huzima baada ya sekunde chache na kuandika kosa, na mtu anaweza kuhangaika wiki nzima kwa sumaku ya ukubwa wa punje ya mahindi.

Kama bodi haipo kabisa, njia safi ni kidhibiti cha mota za DC cha viwandani, cha SCR (swichi ya kielektroniki inayokata mawimbi ya umeme), kinachopokea 230 na kutoa hadi volti 180. KB Electronics wa Florida wanatengeneza vya namna hiyo, na vipo vya China vinavyofanana. Uzuri wake ni skrubu ndogo za kurekebisha: mwendo wa chini, mwendo wa juu, kasi ya kuanza, kikomo cha ampea, na ile inayorudisha mwendo mzigo unapokaa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotofautisha keezo nzuri na ya kukera. Iongeze kidogo kidogo hadi mota isipungue unaposukuma patasi. Ukizidisha, mota inaanza kuyumba, inakimbia na kupoa, inakimbia na kupoa. Hapo rudisha nyuma robo mzunguko.

Njia ya bei ya chini, ambayo utaikuta kwenye karakana nyingi, ni dima (kifaa cha kupunguza mwanga wa taa) ya China iliyoandikwa wati 4000 ikifuatiwa na daraja la diodi kama KBPC3510 lililofungwa kwenye bati la kupozea. Inafanya kazi, lakini tunaiweka daraja la mwisho. Wati 4000 ni za mapambo, usiipitishe wati 1000 kwa muda mrefu. Kitufe kikiwa mwisho, umeme wa 230 unatoa wastani wa volti 207 za DC, ambazo ni nyingi kwa mota ya 180 na ni maangamizi kwa ya 130. Weka kizuizi kwenye kitufe kisifike mwisho. Usiongeze kapasita ya kulainisha baada ya diodi: bila mzigo inapanda hadi volti 325, na mshtuko wa kuichaji unaua dima. Mota ikiruka kwa ghafla badala ya kuanza taratibu, unganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 sambamba na mota, na dima itapata mzigo mdogo wa kuishikilia.

Njia yoyote utakayochagua, mara ya kwanza washa ukiwa na balbu ya nyuzi ya wati 100 katikati ya njia ya umeme. Balbu ikiwaka kwa ukali na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikiwaka kidogo huku mota ikizunguka polepole, uko salama kuitoa. Ganda la mota na boma la mashine lazima viende ethi, bila mjadala.

Flaiwili, feni na joto

Flaiwili ni gurudumu zito mwishoni mwa mota, mara nyingi lina puli na feni kwa pamoja, limefungwa kwa hesi kwenye ekseli. Hesi hizo zimechaguliwa ili mwendo wa tredimili uzidi kulikaza. Ukigeuza nyaya ili mota izunguke upande wa pili, kila unapoanza kwa nguvu unalilegeza, na chuma cha kilo kadhaa kikitoka kikiwa kwenye mizunguko 3000 hakichagui pa kwenda. Breki ya ghafla inafanya vivyo hivyo. Basi ama panga mashine ili mota izunguke upande wake wa asili, ama ondoa flaiwili na uweke puli yenye kabari au skrubu ya kubana. Mota nyingine pia zimepangwa kaboni kwa upande mmoja. Ukizigeuza zinatoa cheche nyingi na nguvu inapungua.

Kulitoa, zuia ekseli upande wa pili. Mota nyingi zina mfereji wa bisibisi au sehemu bapa huko nyuma. Pasha flaiwili joto la kulegeza gundi ya hesi, si zaidi, na uzungushe kuelekea upande ambao mota huzunguka ikiwa tredimili. Mara nyingi ni hesi za kushoto. Usigonge ekseli kwa nyundo. Sumaku za ndani ni za feraiti, zimegandishwa kwa gundi na zinapasuka kama kigae. Ukipiga mara mbili tatu utasikia kitu kinacheza ndani, na kazi imeisha. Ukilazimika kutoa amecha, toa kaboni kwanza, la sivyo zinavunjika.

Ukitoa flaiwili umetoa na feni. Na hata feni ikiwepo, kwenye mwendo mdogo haipulizi kitu, wakati ndipo mota inapovuta ampea nyingi. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mota hizi kufa karakanani. Tiba ni feni ya kompyuta ya milimita 120 yenye adapta yake ya volti 12, ipulize muda wote bila kujali mwendo. Ganda likifikia kiwango ambacho huwezi kuweka kiganja sekunde tano, pumzisha. Zile nyaya za bluu za swichi ya joto zipitishe kwenye njia ya kuwashia bodi, si kwenye njia ya ampea kubwa, ili mota ijizime yenyewe kabla ya wewe kukumbuka.

Kazi zinazoifaa

Drili ya kusimama ndiyo kazi nyepesi na yenye faida ya haraka. Chuma laini kinataka mwendo wa ncha wa mita 25 kwa dakika: kekee ya milimita 10 izunguke 800, ya milimita 20 izunguke 400, na ya milimita 4 karibu 2000. Kwa puli za moja kwa nne unafikia zote bila kubadilisha mkanda isipokuwa ile ndogo, nayo itavumilia 1000. Mkanda uliotoka kwenye tredimili wenye mbavu unafaa kabisa, hautelezi na haupigi kelele, ila urefu wake haubadiliki, kwa hiyo pima umbali wa ekseli kwa mkanda ulio nao, usifanye kinyume. Puli kubwa ya kuoanisha nayo iko kwenye rola ya mbele ya tredimili hiyohiyo. Kumbuka kwamba ekseli ya rola haizunguki, ganda lake ndilo linalozunguka. Usije ukaifunga kama ekseli ya keezo na kushangaa.

Keezo ya mbao inapendana na mota hii zaidi ya kazi nyingine yoyote. Puli moja kwa mbili zinatosha: bakuli la upana wa milimita 300 lianzie 500 likiwa bado halijasawazika, mguu wa kiti upelekwe 2000. Hapa flaiwili ibaki. Uzito wake unameza matuta ya mbao ngumu, na ukikereza mninga au mkongo utahisi tofauti mkononi. Kikomo cha ampea kiweke chini kiasi kwamba patasi ikinasa, mota isimame badala ya kurusha mbao.

Mashine ya msasa wa mkanda ndiyo inayopendwa na wanoa visu, na ndiyo inayoua mota nyingi. Kwa mwendo, haina mshindani: gurudumu la milimita 150 kwenye mizunguko 3000 linatoa karibu mita 24 kwa sekunde, linakata chuma vizuri, kisha kwa msasa laini unashuka hadi robo ya hapo bila kuunguza makali. Lakini mota iko wazi, na ndani kuna sumaku. Vumbi la chuma linavutwa na feni, linashikwa na sumaku, linaunda daraja kati ya kaboni na ganda, na siku moja breka inaruka. Kuifunga mota ndani ya boksi lisilopumua kunaiua kwa joto badala ya vumbi. Kinachofaa ni kuihamishia nyuma ya ukuta wa bati, ekseli tu ipite, na hewa ya feni itoke upande usio na cheche kupitia kitambaa cha soksi ya nailoni kinachosafishwa kila baada ya kazi. Anayenoa kutwa kucha, kama wengi wa mafundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, asiichague. Anunue ya AC iliyofungwa kabisa.

Jenereta ya upepo inasifiwa mno. Kweli, mota ya mfano wetu ikizungushwa 600 inatoa volti 27 hivi, lakini mapanga ya nyumbani hayafiki huko kirahisi kwenye upepo wa kawaida. Ina ukinzani wa ndani unaokula volti kadhaa kwa kila ampea chache, na kaboni zinakwisha juu ya mlingoti ambako hakuna anayetaka kupanda. Sola imeshamaliza mjadala huu.

Pampu, kompresa na kinu vinataka nguvu ileile bila kupumzika kwa saa nyingi. Hapo kaboni na joto vinashindwa, haijalishi kibao kinasema nini.

Kaboni mbadala

Fundi atakushauri uweke kaboni za stata ya gari kwa sababu zipo kila mahali. Kataa. Zile zina shaba nyingi, zimetengenezewa volti 12 na sekunde chache, na kwenye volti 180 zinatoa cheche na kuchimba komyuteta. Kaboni za graenda kubwa ni karibu zaidi na zinazohitajika. Nunua kubwa kidogo kisha zisugue zifikie kipimo, ziteleze kwenye nyumba yake bila kulegea. Kisha zungushia komyuteta msasa wa namba 240, uso wa mchanga ukitazama kaboni, zungusha amecha mpaka kaboni ipate mviringo, malizia na 400, toa vumbi lote kwa upepo. Uendeshe bila mzigo kwa nusu saa kwenye mwendo wa kati. Usitumie msasa wa chuma mweusi, chembe zake zinakaa kwenye mifereji ya komyuteta.

Ukiikuta mashine ya jimu

Tredimili nzito za jimu za biashara mara nyingi hazina mota hizi. Zina mota ya AC ya awamu tatu, nyaya zilizoandikwa U, V na W, hp 2 hadi 4 za kweli, haina kaboni, na kando yake kuna inveta inayobadilisha umeme wa awamu moja kuwa tatu. Ukikutana nayo kwenye skrepa, ile ya DC iweke kando kwanza. Inveta yake ikiwa imefungwa na skrini kiasi kwamba haikubali amri, mota isiyozidi hp 3 bado inaoana na inveta ya kawaida ya dukani ya kilowati 2.2 inayopokea volti 220. Hakikisha tu kibaoni mota imefungwa kwa volti 220, si 380, au ina boksi la kubadilisha kutoka stari kwenda delta (namna mbili za kuunganisha koili zake). Hii ndiyo inayostahili mashine ya msasa ya kutwa, hata ile pampu tuliyoikataa juu, na uzito wake wa kilo ishirini na kitu usikukatishe tamaa kwa kuwa mashine ya kusimama inautaka uzito huo.

Kwenye bei, pima kwa vifungu vitatu. Mota peke yake isizidi sana bei ya uzito wake wa shaba na chuma, kwa sababu bado hujanunua cha kuiendesha. Mota na bodi na koili inayolingana, iliyojaribiwa mbele yako kwa umeme, inaweza kufika nusu ya bei ya mota mpya ya AC ya hp 1 na bado ikawa halali. Tredimili nzima iliyokufa ndiyo ununuzi bora ikiwa una pa kuiweka: unapata pia breka, ufunguo wa usalama wa sumaku unaofaa kuwa swichi ya dharura, mota ndogo ya kunyanyulia mwinuko yenye skrubu yake ndefu ambayo inainua meza ya drili bila kulalamika, na boma la chuma la kuchomelea stendi. Mwambie muuzaji asikate nyaya kwa koleo. Kila plagi aliyoikata ni saa moja ya kutafuta waya upi ulikuwa wapi, na hiyo nayo iingie kwenye bei.